Matufaha ya Herefordshire: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila inapotajwa kaunti ya Herefordshire, Uingereza, na matufaha yake. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kusoma lile unalolihitaji tu. Pale ambapo maelezo zaidi yapo mahali pengine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Herefordshire iko wapi, na kwa nini matufaha yalistawi huko?

Iko magharibi mwa Uingereza, mpakani na Wales. Mto Wye unaikata, na mji wake mkubwa ni Hereford. Miji mingine ni midogo: Ledbury, Leominster, Bromyard, Ross-on-Wye. Ni kaunti ya mashamba, mojawapo ya zile zenye watu wachache zaidi nchini humo ukilinganisha na eneo lake.

Udongo wake ni mwekundu, mzito, unaotunza unyevu. Milima ya Wales hupunguza mvua zinazotoka Atlantiki, na baridi ya Desemba hadi Februari huupa mtufaha mapumziko unayoyahitaji. Chini ya miti huota majani, na juu ya majani hayo walilisha kondoo na ng'ombe wa Hereford, wale wekundu wenye uso mweupe. Shamba moja likatoa nyama na kinywaji.

Lakini udongo ni nusu tu ya habari. Kaunti za jirani nazo zina udongo mzuri. Kwa maoni yangu, kilichoitofautisha Herefordshire ni kwamba zaidi ya mara moja alitokea mtu mwenye nia na mtaji wa kukamua matufaha kwa wingi, na wakulima wakapanda kwa kumfuata yeye. Kila mkamuaji alipolegea, miti nayo ilipuuzwa. Jambo hili litarudi katika majibu mengi hapa chini.

2. Saida ni nini hasa? Ni juisi au ni pombe?

Uingereza saida ni kileo: juisi ya matufaha iliyoachwa ichachuke. Marekani neno hilo mara nyingi hutumika kwa juisi mbichi isiyochachuka, na ndiyo sababu wasomaji wengi huchanganyikiwa. Katika ukurasa huu saida ni ile yenye kilevi. Kinywaji kama hicho kinachotokana na mapeasi huitwa peri (tazama swali la 18).

3. Matufaha ya saida ni yale yale ya kula?

Hapana. Mengi ukiyang'ata utayatema. Yana ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, na baadhi yana ugwadu mkali pia. Ukakasi huo ndio unaokipa kinywaji uzito mdomoni na kukisaidia kukaa muda mrefu bila kuharibika.

Mgawanyo unaotumika hadi leo ulitoka Long Ashton, karibu na Bristol, ambako taasisi ya utafiti wa matunda na saida ilianzishwa mwaka 1903. Profesa B. T. P. Barker aliyapanga matufaha katika makundi manne kwa kupima asidi na tanini (ndiyo inayoleta ukakasi): matamu, magwadu, matamu yenye ukakasi, na magwadu yenye ukakasi. Foxwhelp, tufaha la kale la Herefordshire, ni gwadu lenye ukakasi. Dabinett, lililotoka Somerset na sasa limeenea kila mahali, ni tamu lenye ukakasi. Mtengenezaji mzuri huchanganya makundi haya, kwa sababu ni aina chache sana zinazotoa saida kamili peke yake.

4. Kabla ya mashine, matufaha yalikamuliwaje?

Yaliangushwa kwa fito ndefu kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha wanawake na watoto wakayaokota majanini. Yalirundikwa nje kwa wiki kadhaa yaive na kulainika. Baada ya hapo yalipelekwa kwenye kinu: mfereji wa jiwe wa duara, na ndani yake gurudumu zito la jiwe linalosimama wima, likivutwa na farasi anayezunguka. Vinu hivi bado vinaonekana Herefordshire, vingine vimegeuzwa vyungu vya maua mbele ya nyumba za mashamba, jambo linalonisikitisha kidogo kila nikiona.

Matufaha yaliyopondwa yalipangwa tabaka kwa tabaka ndani ya vitambaa vya singa za farasi, kisha tabaka zikabanwa na shinikizo la skrubu. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu anaielewa kazi hiyo bila maelezo zaidi: juisi inatoka, machicha yanabaki. Juisi iliingia kwenye mapipa ya mwaloni na kuchachuka yenyewe kwa hamira iliyokuwamo kwenye maganda, kwenye vitambaa na kwenye mbao za shinikizo.

Mwishoni mwa karne ya 19 walitokea pia wakamuaji wa kuzunguka, waliopita shamba hadi shamba na mitambo ya mvuke. Mkulima mdogo hakulazimika tena kumiliki kinu.

## Kutoka Redstreak hadi karne ya 19

5. Nani aliyeifanya saida ya Herefordshire kuwa maarufu?

Jina linalotajwa kwanza ni John Scudamore, Viscount (cheo cha kikabaila) wa kwanza Scudamore (1601–1671), mwenye shamba kubwa la Holme Lacy kando ya mto Wye. Alikuwa balozi wa Uingereza huko Paris kuanzia 1635 hadi 1639. Nyumbani alijishughulisha na tufaha moja dogo, jekundu lenye michirizi, lililoitwa Redstreak au Scudamore's Crab. Halikuwa na mvuto wowote kwa kula, ila saida yake iliuzwa kwa bei ya divai nzuri.

Hoja yake ilikuwa na mantiki ya kisiasa. Divai ilitoka Ufaransa na fedha zikaenda Ufaransa, na vita vilipozuka meza za matajiri zilikauka. Kinywaji cha nyumbani chenye hadhi hiyo hiyo kilikuwa jibu. Kasisi John Beale, mzaliwa wa kaunti hiyo, aliandika kuhusu bustani za Herefordshire katika miaka ya 1650 akizitaja kama mfano kwa nchi nzima. Mwaka 1664 John Evelyn wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, alieleza kwamba, kwa juhudi za Scudamore hasa, kaunti ilikuwa imegeuka kama bustani moja.

Ukitazama vizuri utaona kwamba mkulima wa kawaida hakuanza kupanda Redstreak kwa sababu ya uzuri wa mti. Alipanda kwa sababu Holme Lacy na London walikuwa tayari kulipa.

6. Ni kweli Waingereza walitia mapovu kwenye saida kabla ya champagne?

Ushahidi upo. Mwaka 1615 mfalme James I alipiga marufuku kuni kwenye matanuri ya kioo, kwa sababu miti ilihitajika kwa meli. Waundaji wa kioo wakageukia makaa ya mawe, ambayo moto wake ni mkali zaidi, na chupa zikatoka nene na imara kuliko zile za Ufaransa. Chupa ya namna hiyo inaweza kustahimili gesi.

Katika miaka ya 1660 watu wa Royal Society, Beale akiwa mmoja wao, waliandika kuhusu kuongeza sukari kidogo kwenye chupa ya saida kabla ya kuifunga kwa kizibo. Sukari hiyo huchachuka ndani ya chupa na gesi hukosa pa kwenda. Dom Pérignon, mtawa wa Ufaransa ambaye watu hupenda kumpa sifa ya kubuni mapovu ya champagne, alianza kazi kwenye nyumba ya watawa ya Hautvillers mwaka 1668. Sisemi Wafaransa waliiga. Nasema tu kwamba mbinu ya kuongeza sukari kwenye chupa iliandikwa Uingereza mapema, na saida ilikuwa sehemu ya majaribio hayo.

7. Ushuru wa saida wa 1763 ulihusu nini, na kwa nini ulizua ghasia?

Vita vya Miaka Saba viliiacha serikali na madeni. Waziri mkuu Lord Bute na waziri wake wa fedha, Francis Dashwood, walitoza shilingi 4 kwa kila pipa kubwa, na mlipaji alikuwa mtengenezaji mwenyewe. Kwa kaunti ambamo karibu kila shamba lilikuwa na kinu, mlipaji alikuwa karibu kila mkulima, hata yule aliyekamua kwa ajili ya familia na vibarua wake tu.

Kilichowachoma watu zaidi ya fedha ni kwamba maofisa wa ushuru walipewa ruhusa ya kuingia majumbani kukagua mapipa. Kaunti za saida, kuanzia Herefordshire na Gloucestershire hadi Devon, zilichafuka: maandamano, malalamiko bungeni, sanamu za Bute zikichomwa moto. William Pitt alisimama bungeni kutetea haki ya mtu kutoingiliwa nyumbani kwake. Bute alijiuzulu Aprili 1763, ingawa sababu zake zilikuwa zaidi ya saida, na ushuru ukafutwa mwaka 1766.

Ushuru ulirudi kuanzia 1916 hadi 1923, kisha tena mwaka 1976. Safari hiyo watengenezaji wadogo, wasiozidi lita 7,000 kwa mwaka, walisamehewa, na msamaha huo ukadumu hadi mageuzi ya ushuru ya 2023 yalipoleta utaratibu mwingine wa nafuu kwa wadogo. Msamaha wa 1976 uliokoa vinu vingi vya nyuma ya nyumba.

8. Ni kweli vibarua walilipwa saida badala ya mshahara?

Sehemu ya mshahara, ndiyo. Kibarua wa shamba alipewa kiasi chake cha kila siku, na wakati wa mavuno ya nafaka au kukata majani kiasi kiliongezeka. Alikwenda shambani na kipipa kidogo cha mbao begani na kikombe cha pembe. Shamba lenye saida mbaya lilipata shida ya kuajiri watu.

Mpangilio huo ulimfaa mwajiri kuliko mfanyakazi. Kinywaji kilimgharimu mwenye shamba kidogo sana, na mke wa kibarua hakuweza kununulia mkate kipipa kilichokwisha kunywewa. Sheria ya mwaka 1887 ilipiga marufuku kulipa vibarua wa mashamba kwa vileo. Desturi haikufa siku hiyo hiyo, lakini ilianza kufifia, na pamoja nayo ikapungua sababu ya kila shamba kuwa na bustani yake ya saida. Mwaka huo huo ndipo kampuni ya Bulmers ilipoanza (swali la 12).

9. Nimesikia saida iliwahi kuwatia watu sumu ya risasi. Ilitokea Herefordshire?

Ilitokea Devon. Kwa vizazi vingi wanywaji wa huko walipata maumivu makali ya tumbo na kupooza mikono, na wengi walidhani ugwadu wa saida ndio uliosababisha. Mwaka 1767 daktari George Baker alionyesha kwamba chanzo ni madini ya risasi yaliyotumika kwenye vinu na mashinikizo ya Devon. Herefordshire ndiyo iliyomsaidia kuthibitisha: huko vinu vilikuwa vya mawe bila risasi, watu walikunywa saida kama wenzao, na ugonjwa haukuwepo. Ni mfano wa mapema na mzuri sana wa kulinganisha maeneo mawili ili kupata chanzo cha ugonjwa.

10. Redstreak ilipotelea wapi?

Ilichoka. Mtufaha haufanani na mama yake ukiupanda kwa mbegu, kwa hiyo kila aina huendelezwa kwa kubebesha: kipande cha tawi la mti wa zamani, yaani kikonyo, hufungwa juu ya shina changa. Maana yake ni kwamba kila mti wa Redstreak ulikuwa mwendelezo wa mti ule ule wa kwanza, ukibeba na magonjwa yake. Kufikia mwisho wa karne ya 18 miti ilikuwa dhaifu, imejaa vidonda, na mazao yakashuka.

Thomas Andrew Knight (1759–1838), mwenyeji wa kaunti hiyo, aliamini kwamba kila aina ina umri wake na lazima ife kwa uzee. Leo tunajua kwamba lawama kubwa ni ya virusi na magonjwa yanayorithishwa kwenye vikonyo. Lakini kosa lake lilimpeleka mahali pazuri: alianza kuchavusha kwa mkono ua la aina moja kwa chavua ya nyingine, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuzalisha matunda mapya kwa mpango. Downton Pippin ni moja ya kazi zake. Alikuwa rais wa chama cha kilimo cha bustani cha London kuanzia 1811 hadi kifo chake. Ni yeye pia aliyefunga mbegu kwenye gurudumu lililozungushwa na maji, mwaka 1806, akaonyesha kwamba mizizi hufuata mvutano wa dunia na si giza wala unyevu.

11. Kitabu cha Pomona kinachotajwa kila mahali ni kipi?

Ni orodha ya picha za matufaha na mapeasi iliyotolewa kwa sehemu kati ya 1876 na 1885 na Woolhope Club, chama cha wapenzi wa mazingira cha Hereford kilichoanzishwa 1851. Wahariri walikuwa daktari Henry Graves Bull na mtaalamu wa matunda Robert Hogg. Michoro ya rangi ilifanywa na wanawake wawili, Alice Ellis na Edith Bull, binti wa daktari. Nakala zilizochapwa zilikuwa chache, na leo zinauzwa kwa bei kubwa.

Kazi hiyo haikuwa ya kupamba kabati. Wakati huo bustani zilikuwa zimezeeka na hakuna aliyejua kwa uhakika kuna aina gani wapi. Wanachama walikusanya matunda, wakayalinganisha, wakavuka hadi Normandy kutafuta aina zenye nguvu. Tufaha la Michelin, ambalo baadaye lilipandwa kwa wingi Herefordshire, lilitoka Ufaransa kwa njia hiyo. Mmoja wa waliochangia kazi ya chama alikuwa kasisi wa Credenhill, na mtoto wake ndiye mhusika wa swali linalofuata.

## Viwanda

12. Kampuni ya Bulmers ilianzaje?

Percy Bulmer alikuwa kijana wa miaka 20, mwenye pumu iliyomkosesha masomo ya kawaida. Mwaka 1887 alikamua matufaha ya bustani ya baba yake huko Credenhill. Muda mfupi baadaye alihamia mjini Hereford, karibu na reli, na kaka yake Fred akajiunga naye akitokea Cambridge.

Reli ni jambo la kutiliwa mkazo. Treni zilifika Hereford mwaka 1853. Kabla ya hapo pipa la saida lilisafiri kwa njia za matope au kwa mashua. Baada ya hapo matufaha yaliingia kiwandani kwa mabehewa na chupa zikatoka kwa mabehewa, na mnywaji wa Birmingham au London akawa mteja wa kawaida.

Percy alikwenda Ufaransa kujifunza mbinu za Champagne, na kampuni ikauza saida ya chupa iliyoitwa Pomagne. Matumizi ya neno champagne kwenye saida yalizua kesi iliyofika kwa jaji Lord Denning mwaka 1974, Bulmer dhidi ya Bollinger, ambayo wanafunzi wa sheria huijua zaidi kwa hoja zake kuhusu sheria ya Ulaya kuliko kwa matufaha. Kampuni ilinunuliwa na Scottish & Newcastle mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaingia mikononi mwa Heineken.

13. Na Westons?

Henry Weston alianza biashara mwaka 1880 kwenye shamba lake la The Bounds, kijijini Much Marcle. Alitiwa moyo na jirani yake C. W. Radcliffe Cooke, aliyekuja kuwa mbunge wa Hereford na kuitetea saida bungeni kiasi cha kupachikwa jina la mbunge wa saida. Kampuni bado iko pale pale, bado ni ya familia, na mapipa makubwa ya mwaloni bado yanatumika.

14. Sayansi iliingia lini kwenye saida?

Kwa Bulmers iliingia mwaka 1905 walipomwajiri Herbert Durham, daktari na mtafiti wa bakteria kutoka Cambridge. Alitenga hamira safi ili kila pipa lichachuke kwa namna inayotabirika, badala ya kuomba bahati kila msimu. Huyu ndiye Durham wa vile virija vidogo vinavyopinduliwa ndani ya mrija wa majaribio ili kunasa gesi. Fundi maabara yeyote wa Dodoma au Kisumu aliyepima maji kutafuta uchafu wa kinyesi amevitumia.

15. Machicha huenda wapi?

Zamani walilishwa nguruwe na ng'ombe, au yalimwagiwa maji na kukamuliwa tena kupata kinywaji hafifu cha vibarua. Viwanda viligundua thamani nyingine: maganda ya tufaha yana pektini nyingi, ile inayogandisha jemu. Bulmers ilikuwa na biashara kubwa ya pektini kwa miaka mingi. Ukiona E440 kwenye kopo la jemu, ni pektini, na mara nyingi chanzo chake ni machicha ya matufaha au maganda ya machungwa na ndimu.

Jibu hili pia ni la wanaouliza kama kila kitu kinachotoka huko ni kileo. Hapana: kuna juisi, siki, pektini na chakula cha mifugo.

## Mkulima na mkataba

16. Mkulima wa sasa anavunaje na kuuza vipi?

Bustani za zamani zilikuwa na miti mirefu, iliyopandwa kwa nafasi, inayochukua miaka kumi au zaidi kutoa mazao ya maana. Bustani za kiwanda ni za miti mifupi iliyobebeshwa juu ya mashina yanayodhibiti ukubwa, kwa mistari iliyobanana, na huanza kuzaa ndani ya miaka michache. Mashine hushika shina na kulitikisa, nyingine hufagia matufaha chini. Tufaha la kukamuliwa likipondeka si hoja.

Kuuza ndiko kwenye uzito. Tufaha la saida halina soko la pili. Huwezi kulipeleka sokoni likaliwa. Kwa hiyo, hasa kuanzia miaka ya 1970, viwanda viliwapa wakulima mikataba mirefu, mingine ya miaka 20 na zaidi, na mkulima akapanda aina alizoambiwa. Mti wa miaka 25 ulipandwa kwa ahadi ya miaka 25.

17. Kwa nini sasa miti inang'olewa?

Mwaka 2006 Magners ya Ireland ilitangaza kwa nguvu Uingereza saida ya kunywewa na barafu, na mauzo ya sekta nzima yakapaa. Viwanda viliomba matufaha zaidi, wakulima wakapanda. Halafu ladha ikabadilika: saida za matunda mengine na sukari nyingi, ambazo hazihitaji tufaha lenye ukakasi kwa wingi, na baadaye mahitaji kwa jumla yakashuka. Mikataba ilipoisha, mingi haikuhuishwa, na wakulima wakaona matufaha yakiozea chini kwa kukosa mnunuzi. Mwenye shamba akipiga hesabu, anang'oa miti na kupanda mahindi au viazi.

Naliona hili kuwa donda la kweli. Bustani iliyochukua miaka kadhaa kufika kwenye uzao kamili hung'olewa kwa siku chache. Aliyebeba hasara ni yule ambaye hakuamua ladha, bei wala tangazo. Wanaosalimika zaidi ni wakulima wanaokamua wenyewe, hata kidogo, au wanaowauzia watengenezaji wadogo wanaotaka aina fulani kwa jina.

## Maswali ya pembeni

18. Peri ina tofauti gani na saida?

Hutokana na mapeasi maalumu, magumu na makakasi. Miti yake huishi sana, miaka 200 au 300, na hufikia urefu wa miti ya msitu. Huko Hellens, Much Marcle, ipo safu ya miti iliyopandwa mwanzoni mwa karne ya 18. Holme Lacy kulikuwa na mpeasi ambao matawi yake yalipoinama na kugusa ardhi yalitoa mizizi na kuwa miti mipya. Kufikia 1790 ulikuwa umesambaa robo tatu ya eka. Peri ni ngumu kutengeneza, kwa kuwa mapeasi mengine yana siku chache tu kati ya kuiva na kuoza.

19. Bulmers ya Ireland ni kampuni ile ile?

Si ile ile. William Magner alianza kutengeneza saida huko Clonmel mwaka 1935, na Bulmers ya Hereford ikaingia ubia naye mwaka 1937. Njia zao ziliachana baadaye. Ndiyo maana saida moja huuzwa kwa jina la Bulmers katika Jamhuri ya Ireland, na kwa jina la Magners kwingineko.

20. Je, saida ya dukani ni juisi tupu?

Mara nyingi siyo. Kanuni za Uingereza tangu 2010 zinataka angalau asilimia 35 ya juisi ili kinywaji kitozwe ushuru kama saida. Kinachobaki kinaweza kuwa maji na sukari, na juisi yenyewe inaweza kutokana na juisi iliyokolezwa. Watengenezaji wadogo wengi hutumia juisi tupu au karibu na hapo. Jina la saida ya Herefordshire linalindwa kisheria kwa asili ya kijiografia tangu 1996, kwa hiyo si kila mtu anaweza kulibandika.

21. Kwa nini watu huimbia miti Januari?

Ni desturi ya usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari. Wengine hufuata kalenda ya zamani na kuifanya tarehe 17. Watu huenda bustanini na mienge, humwagia mti mkuu saida, huweka mkate uliolowanishwa kwenye matawi na kupiga kelele kufukuza mabaya. Herefordshire ilikuwa na namna yake: mioto midogo 12 na mmoja mkubwa katika shamba la ngano. Desturi ilidhoofika, kisha vikundi vya ngoma za kienyeji vikaifufua.

22. Bustani za zamani zisizozaa sana zina faida gani?

Mti mzee wenye mapango ni makazi. Yupo mbawakawa wa kijani anayeng'aa, Gnorimus nobilis, ambaye funza wake huishi ndani ya mbao zilizooza za miti ya matunda. Ipo pia kimelea chenye matunda meupe ambacho Waingereza hukitundika nyumbani wakati wa Krismasi. Kinaota kwa wingi kwenye mitufaha ya huko hata kikachaguliwa kuwa ua la kaunti. Tangu 2007 bustani za jadi zimo kwenye orodha ya makazi ya viumbe yanayopewa kipaumbele. Marcher Apple Network, kikundi cha wapenzi kilichoanza 1993, hutafuta na kubebesha aina zilizodhaniwa kupotea.

23. Naweza kupanda matufaha ya Herefordshire Afrika Mashariki?

Kwa mbegu, hapana. Utapata mti usiofanana na mama (swali la 10). Kwa vikonyo, tatizo ni baridi: aina za Herefordshire zinahitaji majira marefu ya baridi ili machipukizi yafunguke pamoja, na hata nyanda zetu za juu hazina majira hayo. Mti utakua, utatoa majani, na maua machache yasiyo na mpangilio.

Aina zinazovumilia joto ni habari nyingine. Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden hupandwa Kabale, Uganda. Huko Batu, kisiwani Java, wakulima hupukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uchanue upya. Lakini hayo ni matufaha ya kula. Kabla ya kununua miche, ulizia kwanza nani atanunua matunda na kwa masharti gani. Swali la 17 linaeleza kwa nini.

24. Nikitaka kwenda kuona, niende lini?

Mwanzoni mwa Mei kwa maua, Oktoba kwa mavuno. Much Marcle na vijiji vya jirani hufungua bustani na vinu kwa wageni mwezi huo wa Oktoba. Mjini Hereford kuna jumba la makumbusho la saida, ndani ya majengo ya zamani ya Bulmers, lenye mapango ya chini ambamo chupa zilihifadhiwa. Usafiri wa umma vijijini ni haba, kwa hiyo panga gari au baiskeli.